Gari langu la umeme la mwaka 2010 limebakiwa na kilomita 30: nibadilishe betri au niachane nalo? Naomba ushauri

Nahodha wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaandika kutoka Mikindani, Mtwara, na hii ni wiki ya tatu jambo hili linaninyima usingizi. Ninamiliki Mitsubishi i-MiEV ya mwaka 2010, gari dogo la umeme mtupu, lisilo na injini wala tangi la mafuta. Nililiagiza Japani mwaka 2016, likashushwa bandari ya Dar es Salaam, na kwa kuwa kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 500, lilikuja Mtwara mgongoni mwa lori. Nina nyumba ndogo ya wageni, na gari hili ndilo linalowapokea wageni uwanja wa ndege, kuwapeleka sokoni na Shangani, na kuwarudisha. Chaji kamili haijawahi kunigharimu zaidi ya shilingi 6,000 za LUKU. Wageni walipouliza linatumia nini, niliwajibu kwamba linatumia gesi ya Mnazi Bay, kwa sababu umeme wetu ulifuliwa hapa hapa kwa gesi hiyo.

Lilipofika lilikuwa linakwenda kilomita 90 kwa chaji moja. Sasa linakwenda 30, na mara mbili ile taa yenye umbo la kobe, inayoonyesha kuwa gari limejipunguzia nguvu, imewaka nikiwa na wageni kwenye mwinuko wa kutokea Mikindani. Swali langu ni moja tu: betri nyingine nitaipata wapi na kwa gharama gani, au niachane nalo? Nisingependa kuliuza kwa bei ya chuma chakavu, maana sijui kama kuna jingine la aina hii katika mkoa wetu.

Mwana wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Usiliache. Marehemu baba alikuwa na Land Rover ya mwaka 1974 ambayo kwa miaka mingi iliteremka bondeni kuchota maji na kuyapandisha Newala, kama wanavyojua wote waliokulia kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako maji yalikuwa ya kununua kwa ndoo. Kila mwaka watu walimwambia auze. Ilipoharibika giaboksi, alikaa nayo miezi minane chini ya mwembe akitafuta spea, na ilipowaka tena tulichinja mbuzi. Gari lililokuhudumia halitupwi kama ganda la muwa.

Korosho Ghafi

Mzee, kwa heshima zote, nunua Noah au Probox. Spea zake unazipata hata saa nne usiku, na fundi yeyote wa Majengo anaifungua huku amefumba macho. Sisi tunaosubiri msimu wa korosho ili tulipe ada za watoto tumejifunza kwamba chombo cha kazi ni kile ambacho jirani anaweza kukitengeneza. Hilo la umeme ni chombo cha kifahari, na ufahari una gharama yake.

Fundi Waya

Ninafunga mitambo ya umeme wa jua hapa Lindi, na betri za lithiamu ni kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo naomba unijibu mambo matatu kabla hatujazungumzia bei. La kwanza, ni ile yenye betri ya kilowati-saa 16, au ni toleo la M lenye 10.5? Toleo la M lilitoka mwaka 2011 likiwa na seli za Toshiba za aina ya titaneti, ambazo huzeeka taratibu sana. La pili, kilomita zilipungua kidogo kidogo kwa miaka, au zilianguka kwa mara moja? La tatu, gari lilikuwa wapi, na likiwa na chaji kiasi gani, kabla ya kuanza kuwaka hiyo taa ya kobe?

Nahodha wa Mikindani

Ahsante, Fundi. Ni ile ya 16, yenye seli 88, kama ilivyoandikwa kwenye nyaraka za ununuzi. Kuhusu kupungua, gari ni la mwaka 2010, na joto la pwani yetu mnalijua. Betri hii haina maji ya kuipooza, ina hewa tu. Kwa hiyo nadhani ni uzee. Naomba turudi kwenye swali la bei.

Bi Shangani

Kaka yangu, umeulizwa mambo matatu ukajibu moja na nusu. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka 26, na swali analoliruka mgonjwa huwa ndilo lenye ugonjwa wake. Gari lilikuwa wapi?

Nahodha wa Mikindani

Dada, umenibana, nami sitaficha tena. Kuanzia Januari nilikuwa Dar es Salaam nikimuuguza mama, na nilirudi mwishoni mwa Mei. Gari nililiacha likiwa na vijiti viwili vya chaji kati ya 16. Kijana niliyemwachia nyumba nilimwagiza alichaji, lakini hakulichaji hata siku moja, kwa sababu aliogopa zile nyaya za rangi ya chungwa. Niliporudi halikuwaka kabisa. Jirani aliliwasha kwa kuchukua moto kutoka kwenye betri ya Noah yake, nikalichaji usiku kucha, na tangu siku hiyo ndipo kilomita zikawa 30. Kabla ya safari zilikuwa 65. Kwa hiyo ni kweli, zilianguka kwa mara moja.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalizie. Nimekwisha kumpa fundi mmoja wa Dar es Salaam shilingi milioni 1.8 za awali ili atoe mota na betri, aweke injini ya petroli ya cc 660, ile ya gari liitwalo Mitsubishi i, ambalo bodi yake ndiyo hii hii. Ni mtu mzima, ana maneno ya staha, na ameniambia kwamba nguvu za injini hiyo na za mota yangu ni sawa. Sikuona njia nyingine. Wageni wa Julai wamekwisha kulipia vyumba, nao wanategemea usafiri.

Korosho Ghafi

Hapo sasa umeongea. Petroli inauzwa hadi kwenye chupa barabarani.

Fundi Waya

Mzee wangu, nakushukuru kwa kusema, kwa sababu hayo ndiyo maelezo yaliyokuwa yanahitajika tangu mwanzo.

Huyo fundi hakukudanganya kuhusu nguvu: mota yako ni ya kilowati 47, na injini ya turbo ya Mitsubishi i nayo ni 47. Alichokiacha ni kila kitu kilicho nje ya injini. Mahali pa tangi la petroli ndipo betri yako ilipokaa. Giaboksi, ekzosi, pampu ya mafuta, waya wote wa kompyuta ya injini, vyote havimo. Pampu ya breki, hita na kiyoyozi katika gari lako vinaendeshwa kwa umeme na vinazungumza na kompyuta ambayo itakuwa haimwoni bwana wake. Baada ya hapo kuna kadi ya gari, ambayo itapaswa kubadilishwa ionyeshe injini na mafuta mapya. Utaishia na Mitsubishi i iliyoungwaungwa, wakati nzima ungeweza kuinunua.

Tuje kwenye betri. Seli 88 zimefungwa kwa mfululizo kama ushanga kwenye uzi mmoja, na umeme wote unapita katika kila seli. Seli moja ikichoka, kompyuta inalizuia gari lote kwa ajili yake, hata kama nyingine 87 zina uhai. Ndiyo maana kobe anawaka mapema. Betri iliyozeeka kwa kawaida hupungua yote kwa pamoja, mwaka hadi mwaka. Iliyoanguka kutoka 65 hadi 30 baada ya kulala njaa miezi mitano mara nyingi ina seli chache zilizoumia. Seli 88 zimepangwa katika moduli 12, kumi za seli nane nane na mbili za seli nne nne, na moduli iliyoharibika inaweza kutolewa ikawekwa nyingine kutoka kwenye gari la ajali. Peugeot iOn na Citroën C-Zero ni gari hili hili kwa jina jingine, kwa hiyo uwanja wa kutafutia ni mpana kuliko unavyodhani. Kabla ya kununua chochote, pima.

Mlinzi wa Zamu

Ndugu wanajukwaa, naomba radhi kwa kuwa kinyume. Akaunti hii ina siku tisa. Mwenye uzi anajua idadi ya seli, anajua kuwa betri haipozwi kwa maji, lakini hajui kwamba betri haiachwi tupu miezi mitano? Anasema gari ni la pekee mkoani, hataki kuliuza kwa bei ya chakavu, na ghafla anatokea mtaalamu anayesema betri inatengenezeka. Tumewahi kuona dalali akiandaa soko kwa namna hii: wiki moja ni kilio, wiki ya pili ni tangazo. Kama gari lipo, tuonyeshwe kitu ambacho hakipatikani kwa kusoma tu.

Fundi Waya

Simjui mwenye uzi, na sina ninachouza hapa. Hoja ya ushahidi naikubali, kwa sababu hata mimi nahitaji vipimo.

Nahodha wa Mikindani

Ndugu Mlinzi, nina umri wa miaka 61, na sijawahi kuitwa dalali. Mambo ya seli niliyasoma kwenye karatasi niliyopewa na muuzaji. La kutoliacha tupu hakuna karatasi iliyoniambia kwa lugha ninayoisoma, kwani kitabu cha gari ni cha Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Unataka kitu kisichosomwa mahali. Kifuniko cha tundu la kuchajia kimeliwa na chumvi ya bahari kwenye bawaba, na nimekifunga kwa kipande cha utepe wa nyavu. Ukiwasha gari usiku hakuna sauti isipokuwa ya pampu fulani huko mbele, inayolia kama paka aliyelala. Zaidi ya hayo sina.

Bi Shangani

Mimi ninalo la kuongeza. Mwaka 2019 nilitoka uwanja wa ndege na gari jeupe lisilo na mlio, nikienda kumwona ndugu yangu Mikindani. Tulipoanza kuteremka kuelekea baharini, dereva alivuta gia hadi kwenye herufi B, gari likajishika lenyewe bila breki, na mshale mkubwa wa dashibodi ukalala upande wa buluu. Akaniambia, “Mama, mteremko huu unaturudishia umeme.” Kilemba changu kilikuwa kinapeperuka dirishani, naye akaniomba nikiingize ndani. Kaka, ni wewe?

Nahodha wa Mikindani

Kitenge cha kijani. Ulikuwa na kikapu cha madafu miguuni.

Bi Shangani

Ndiyo mimi.

Mlinzi wa Zamu

Naondoa maneno yangu, na ninaomba msamaha, mzee wangu.

Fundi Waya

Mzee, nitakitia kwenye basi la kesho asubuhi kutoka Lindi kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Weka programu ya CaniOn kwenye simu ya Android. Itakuonyesha voliti ya kila seli na joto lake. Lichaji usiku, uandike vipimo chaji inapokoma, kisha asubuhi uandike tena kabla ya kulisogeza gari. Yule fundi wa petroli mwambie asubiri. Tena asivue plagi ya usalama iliyo chini ya kiti cha mbele bila glovu za umeme za voliti 1,000 na subira ya dakika kumi, kwa sababu betri hiyo ni ya voliti 330 na haitoi onyo la pili.

Nahodha wa Mikindani

Nimerudi baada ya siku nne. Fundi wa Dar amesema injini imekwisha kununuliwa, na fedha hazirudi. Nimemwambia ailete, nitaihifadhi, lakini gari langu halifunguliwi. Moyo umeniuma kwa milioni ile, sitasema uongo.

Vipimo ni hivi. Uwezo wa betri unasomeka 24.6 Ah (amperi-saa). Chaji ilipokoma jana saa tano usiku, seli karibu zote zilikuwa kati ya voliti 4.08 na 4.10, isipokuwa mbili zilizo jirani, ambazo zilikuwa 3.98 na 3.96. Leo saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa halijaguswa, zile nyingine bado ni 4.08, lakini hizo mbili zimeshuka hadi 3.74 na 3.69. Joto la moduli yao ni nyuzi 41, na za wenzake ni 30 au 31. Nimelichomeka tena ili zipande. Nimefanya vizuri?

Fundi Waya

Mzee, chomoa sasa hivi. Seli inayoshuka hivyo ikiwa imelala, na inayopata joto bila kazi, inavuja kwa ndani. Ilipokaa tupu muda mrefu, shaba iliyomo ndani yake iliyeyuka kidogo, na ulipoichaji ikajijenga upya mahali pasipo pake. Kila unapoichaji unaongeza uwezekano wa moto, na moto wa betri hizi hauzimwi kwa ndoo ya mchanga. Usilichaji tena hadi nifike. Jumamosi nitakuja na glovu na winchi, kwa kuwa betri inatolewa kwa chini na ina zaidi ya kilo 200. Moduli hiyo tutaitenga, kisha tutatafuta nyingine. Gari limeegeshwa wapi?

Bi Shangani

Kaka, jibu.

Nahodha wa Mikindani

Nimechomoa. Lilikuwa kwenye banda la makuti, hatua nne kutoka vyumba vya wageni. Nimeliweka kwenye N, na wageni wawili pamoja na kijana wangu wamenisaidia kulisukuma hadi uwanja wa mchanga karibu na ngalawa, ambako hakuna paa. Nimewahamisha wageni wa chumba cha mwanzo. Nimekaa kwenye kiti hapa nje nikiitazama ile namba ya joto kwenye simu. Ilikuwa 43, sasa ni 42.

Fundi Waya

Kaa upande upepo unakotoka. Niandikie kila nusu saa.

Nahodha wa Mikindani

40.