GnuPG yasema "BAD signature" kwa barua ambayo haijabadilishwa neno. Kosa liko wapi?

katibu_kisumu
Hamjambo wadau. Chama chetu cha wakulima kina ofisi hapa Kisumu, na mweka hazina yuko Nakuru. Nataka kila barua ya malipo niitie sahihi kwa GnuPG (programu ya kutia na kuhakiki sahihi za kidijitali), kwa ufunguo wangu wa siri ninaobaki nao mimi tu, naye ahakikishe imetoka kwangu kabla ya kutoa hata shilingi. Nimefanya hivi:

gpg --armor --detach-sign barua.docx

Nikapata barua.docx.asc, nikatuma faili zote mbili. Kwangu inakubali, kwake inasema "BAD signature". Ufunguo wangu wa umma, ule wa kuhakikia sahihi, anao. Na je, sahihi hii ina uzito kisheria?

fundi_kondele
Bwana Katibu, ufunguo hauna kosa. Angekuwa hana ufunguo wako wa umma, angeona "No public key". "BAD signature" maana yake ufunguo umepatikana, ila faili aliyo nayo siyo ile uliyoitia sahihi. GnuPG haijali maneno ya barua. Inakokotoa heshi (alama fupi ya kuitambulisha faili) kutoka kwa baiti zote za faili, na sahihi inafungwa kwenye heshi hiyo. Ikigeuka baiti moja tu, heshi yote inakuwa nyingine. Docx ni kifurushi cha zip: mtu akiifungua na kuihifadhi, hata bila kugusa neno, programu huandika upya tarehe na kukifunga kifurushi upya.

Kila mmoja aendeshe sha256sum barua.docx (kwenye Windows: certutil -hashfile barua.docx SHA256), kisha msomeane zile herufi 64 kwa simu. Zikitofautiana, jibu ndilo hilo.

Igeuze barua iwe PDF kwanza, sahihi iwe hatua ya mwisho kabisa. Mweka hazina ahakiki kabla ya kuifungua:

gpg --verify barua.pdf.asc barua.pdf

njoro_usalama
Mimi kinachonitia wasiwasi ni namna ufunguo wa umma ulivyomfikia. Kama ulipitia baruapepe ileile ya barua za malipo, atakayeiteka baruapepe hiyo atatuma ufunguo wake wenye jina lako, maana GnuPG inamruhusu yeyote kuandika jina lolote. Endesha gpg --fingerprint upate alama ya utambulisho ya ufunguo wako, umpigie mweka hazina, naye alinganishe herufi na tarakimu zake zote 40, siyo nane za mwisho pekee. Zikiwa sawa, aidhinishe kwa gpg --lsign-key. Bila hivyo ataendelea kuona onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa, hata sahihi ikiwa nzuri.

Ufunguo wa siri uwe na nywila ndefu na usiguse kompyuta ya saiba. Nakala ya akiba weka kwenye flashi. Cheti cha kubatilisha ufunguo, kilichomo kwenye folda ya openpgp-revocs.d, kikae mahali pengine, kwa sababu flashi ikipotea na vyote viwili umebaki mikono mitupu. Na tafadhali sana: katibu akibadilishwa, asimwachie mwenzake ufunguo. Mpya atengeneze wake, wa zamani ubatilishwe. Ufunguo uliopita mikono miwili hauthibitishi tena ni nani aliyetia sahihi.

wakili_milimani
Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inazitambua sahihi za kielektroniki tangu marekebisho ya 2009, na marekebisho ya sheria za biashara ya 2020 yaliongeza nguvu hiyo. Wosia na hundi haziingii humo. Kwa mambo ya ndani ya chama, GnuPG inatosha mkiandika kwenye katiba yenu kwamba mnaikubali. Barua ya kwenda benki au mkataba na mtu wa nje, afadhali cheti cha sahihi ya kielektroniki kutoka kwa mtoaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mkifika mahakamani, ushahidi wa kielektroniki huambatana na hati ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inayoeleza jinsi ushahidi huo ulivyotolewa.

katibu_kisumu
Heshi zimetofautiana kweli: ilifunguliwa kwenye simu ikahifadhiwa upya. Nahamia PDF. Mwisho wa mwezi barua hufika thelathini, nitie sahihi moja moja?

fundi_kondele
Hapana. Zikiwa folda moja:

sha256sum *.pdf > orodha.txt
gpg --armor --detach-sign orodha.txt

Mweka hazina ahakiki sahihi ya orodha kwanza, kisha aendeshe sha256sum -c orodha.txt. Barua isiyolingana itaandikwa FAILED baada ya jina lake, na ambayo haimo orodhani asiilipe.