Visu visivyo na makali kwa mazoezi ya kujihami: tutumie vya chuma, vya mbao au vya mpira?

Mkufunzi wa Mafinga (swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaongoza kikundi kidogo cha karate hapa Mafinga, chenye vijana wa sekondari na watu wazima wachache wanaofanya kazi katika viwanda vya mbao. Tunakusudia kuanza mafunzo ya kujihami dhidi ya mtu mwenye kisu, jambo ambalo wanakikundi wamelidai kwa muda mrefu, na sasa ubishi umezuka kuhusu kifaa chenyewe. Baadhi yao wanapendekeza tununue visu vya kawaida vya jikoni, tuvipige tupa hadi makali yaishe, kwa hoja kwamba vinapatikana kila duka na mkono unazoea uzito wa kisu halisi. Wengine wanataka tuchonge vya mbao, kwa kuwa vipande vya paina vimezagaa kila kona ya mji huu na seremala jirani yetu hatudai chochote. Visu vya mazoezi vya kiwandani vinaagizwa kutoka nje, na bei yake ni mzigo kwa kikundi kama chetu. Je, kisu cha jikoni kilichoondolewa makali kinafaa? Kama hakifai, tutumie nini?

Fundi wa Sido, Mbeya

Ndugu Mkufunzi, kazi yangu ni vyuma na jioni nafanya mazoezi, kwa hiyo nitajibu upande wa chuma. Kisu cha jikoni hakifai, na sababu ya kwanza ni wembamba wake. Bapa la kisu cha namna hiyo mara nyingi halifiki unene wa milimita 2, hivyo hata ukiondoa makali yote unabaki na ukingo mwembamba ambao, ukisukumwa kwa nguvu, unapasua ngozi. Tupa nayo huacha vichembe vikali pembeni mwa chuma ambavyo jicho halivioni lakini kiganja kitaviona. Kuhusu ncha sina haja ya kueleza sana: kisu butu chenye ncha ni msumari wenye mpini.

Sababu ya pili ndiyo inayonitisha zaidi. Kisu cha jikoni kilichotolewa makali kinafanana kabisa na kile ambacho hakijatolewa. Siku moja mtu atakuja na mfuko wake, kisu cha kumenyea machungwa kitaingia kwenye rundo, na hakuna atakayegundua hadi damu itoke.

Mkitaka chuma, tafuteni bapa la alumini lenye unene wa milimita 5 au 6. Mafundi wanaotengeneza madirisha wakati mwingine huwa na vipande vilivyobaki. Kipande cha urefu wa sentimita 30, upana wa 3 na unene wa nusu sentimita kina uzito wa gramu 120 hivi, wakati chuma cha pua cha vipimo hivyo hivyo kingefika gramu 350, kwa hiyo mgongano wa bahati mbaya kwenye vifundo vya vidole hauumizi kwa kiwango kile. Ncha ikatwe kwa nusu duara pana, kingo zote zizungushwe kwa tupa kisha kwa msasa, na bapa lipakwe rangi nyekundu au ya bluu ili lisifanane na kisu chochote cha nyumbani. Alumini ni laini, hivyo visu viwili vikigongana hupata mikwaruzo yenye meno. Pitisha kitambaa ukingoni kabla ya kila kipindi, na kikinasa, rudi kwenye msasa.

Mwalimu wa Judo, Iringa

Nakubaliana na Fundi, ila mimi nisingeanza na chuma cha aina yoyote. Katika judo tunayo Kodokan Goshin Jutsu, mfululizo wa kujihami uliokamilishwa mwaka 1956, wenye mbinu 21, na 3 kati yake ni dhidi ya kisu: kuchoma mtu anapokaribia, kuchoma moja kwa moja, na kuchoma kwa mshazari. Kisu cha mbao kinatosha kwa hayo yote. Wenzetu wa aikido nao hutumia kisu cha mbao kinachokaribia sentimita 30, na sijasikia wakilalamika kwamba hakiwafundishi.

Hata hivyo paina ya shamba la miti la Sao Hill isitumike, ingawa ipo mlangoni pako. Ni laini, hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na vibanzi vyake vinaingia mkononi bila kubisha hodi. Mpera ni bora zaidi: ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, na ndiyo maana wazee waliupenda kwa mipini. Ukaushwe kivulini, kwani ukianikwa juani utapata nyufa.

Kwa vijana wa sekondari ningeanza na nyayo za kandambili zilizochakaa, mbili zikigundishwa pamoja na kukatwa umbo la kisu. Zinapinda zikigusa mwili, kwa hiyo mshambuliaji anaweza kuchoma kweli badala ya kunyoosha mkono na kuuacha hewani akisubiri kukamatwa, ugonjwa ambao umeharibu mafunzo mengi ya kisu. Mtu mwenye nia mbaya hurudisha mkono na kuchoma tena. Paka ukingo chaki ya rangi, mvalishe anayejihami fulana nyeupe, kisha mhesabu alama baada ya kila pambano. Wengi watakuta wamechomwa mara kadhaa kabla ya kushika kiwiko, na hapo ndipo wataelewa kwa nini mwalimu anasisitiza kukimbia kwanza.

Kijana wa Njombe

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, mimi naona visu laini vinazoesha watu uzembe. Katika kundi tulilofanya nalo mazoezi hapa Njombe, watu walikuwa wakikamata bapa kwa kiganja kwa sababu halikuwauma, na wengine waliacha mkono wa mbele ukatwe ovyo. Tena asubuhi za Juni na Julai vile vya mpira mzito wa tairi vinakakamaa kwa baridi na kuwa vigumu kuliko tulivyotarajia. Bila hofu ya chuma, mwanafunzi hawezi kukiheshimu kisu.

Mwalimu wa Judo, Iringa

Marahaba, kijana wangu. Tatizo ulilolitaja ni la kweli, lakini dawa yake ni sheria ya mazoezi. Anayekamata bapa ahesabiwe amekatwa, aweke mkono huo mgongoni na aendelee kwa mkono mmoja. Baada ya jioni chache hakuna atakayelishika. Hofu ya chuma mara nyingi huwafanya wote wawili wapunguze kasi, na kasi ndiyo tunayotaka kuifundisha. Alumini iwe ya waliokomaa, kwa mwendo wa polepole wa kusahihisha mbinu.

Muuguzi wa Tukuyu

Naomba niongeze kuhusu macho, kwa kuwa naona hayajatajwa. Ncha iliyozungushwa, iwe ya mpera au alumini, bado inaweza kuumiza jicho vibaya, na anayechoma kutoka juu kwenda chini hukosea shabaha kirahisi pale anayejihami anapoinama. Miwani ya plastiki ya mafundi inapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi, na ningeona ni lazima kwa kila mazoezi ya kasi. Mtu akikatwa, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, na chombo chochote kilichozama mwilini kiachwe pale pale hadi hospitali. Ulizeni pia nani amepata chanjo ya pepopunda, hasa hao wa viwandani.

Mkufunzi wa Mafinga

Nawashukuru sana. Visu vya jikoni tumeviondoa kwenye mjadala. Tutaanza na kandambili, na mpera nitauagiza kwa jamaa walioko Rungwe. Fundi, nina swali moja: hapa kuna fundi wa masufuria anayeyeyusha alumini chakavu, na amejitolea kutumiminia visu kwenye mchanga. Je, nikubali?

Fundi wa Sido, Mbeya

Usikubali, Mkufunzi. Alumini chakavu iliyochanganywa huwa na matundu ya hewa na uchafu ndani, na kipande chembamba cha namna hiyo kinaweza kukatika kikipigwa, kikaacha meno makali kuliko kisu. Tumia bapa lililonyooshwa kiwandani. Mkikosa huko, nitumie vipimo, nami nitaulizia kwa mafundi wa madirisha hapa Mwanjelwa.