Gari linapoteza kulanti (maji ya kupozea injini), fundi anakimbilia kufungua silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, bila kupima! Hii tabia ya gereji zetu hadi lini?

Wakuu, nina hasira na nitaandika kwa hasira. Fundi atakayekwazika asome mpaka mwisho, kisha ajibu kwa hoja.

Gari langu ni sedani ndogo ya Kijapani, injini ya lita 1.5, aina ambayo Dar imejaa kila mtaa. Lilianza kupunguza kulanti. Unajaza kikopo cha akiba, baada ya muda kimeshuka tena. Chini ya gari pakavu, ekzosi haitoi moshi mweupe, oili kwenye dipstiki safi, geji ya joto imetulia hata kwenye foleni ya Ubungo. Nikalipeleka gereji yenye uzio na bango, mafundi wamevaa ovaroli. Nikawaeleza yote hayo. Unajua walianza na nini? Kuosha injini! Wakapiga petroli na maji ya presha mpaka ikang'aa, ndipo wakainama kutafuta panapovuja.

Hapo ndipo waliponiudhi kuliko pengine pote. Kulanti inayovuja kwenye injini ya moto si lazima idondoke chini. Ikigusa chuma cha moto, maji yanakuwa mvuke na kinachobaki ni ukoko wa pinki, mwekundu au wa kijani kutegemea kulanti uliyoweka. Ukifuata ukoko huo unafika kwenye tundu. Ukiuosha kabla hujaangalia, huna tena cha kufuata. Fundi anayelipwa kwa kazi hii anakosaje kulijua hilo?

Baada ya kuosha, fundi mkuu akatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini). Nikamwomba, mwenye gereji akisikia, apime kwanza. Akajibu, "Bosi wangu, hizi gari tunazijua, kupima ni kupoteza muda." Huko ni kupiga ramli. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kuchongwa, ikafungwa gasketi mpya, oili mpya, laki sita na ushee zikaondoka. Na kulanti ikaendelea kupungua vilevile!

Kibaya zaidi, injini ikaanza kuchelewa kupata joto na petroli kwisha upesi. Kumbe walitoa themostati na hawakuniambia. Kisingizio chao: Dar kuna joto, themostati ni ya nchi za baridi. Jamani! Kwenye injini kama hii themostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi. Joto la Dar likifika nyuzi 33 tunalalamika. 82 iko mbali mno. Kazi yake ni kuizuia kulanti isipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto linalotakiwa. Ukiitoa, injini inabaki baridi muda mrefu na kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Juu ya hayo walijazia maji ya kisima. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi inakula alumini na kuacha magamba ndani ya rejeta. Injini hizi, bloku na hedi vyote ni alumini.

Aliyenitoa kwenye shida hii ni fundi mzee Morogoro, nilipopita kuelekea Iringa nikiwa na hofu ya kupandisha Kitonga na familia. Injini ilipopoa, alifunga kipimo cha presha kwenye mdomo wa rejeta, akapampu kwa mkono mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, 1.1. Akakiacha, akaendelea na gari jingine. Aliporudi sindano ilikuwa imeshuka. Akamulika tochi nyuma ya pulii ya wota pampu, na tone likaonekana likichungulia kwenye kitundu cha chini ya pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi kiwandani, sili ya ndani ikichoka maji yatokee pale yasiingie kwenye beringi. Yangu ilikuwa inavuja ikiwa na presha tu, mkanda unayarusha, joto la injini linayakausha, ndiyo maana chini hapakuwahi kulowa. Wota pampu mpya, themostati mpya, kulanti mpya iliyochanganywa na maji ya betri. Akapima tena, sindano ikasimama. Bei yote haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Hata gasketi ina kipimo chake! Kuna dawa ya buluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Gesi ya silinda ikipenya kwenye maji, dawa inageuka njano. Ukihisi harufu tamu ndani ya gari, vioo vinapata ukungu wa mafutamafuta na kapeti imelowa, basi rejeta ndogo ya hita ndiyo inavuja. Na zipo injini ambazo kufungua hedi kuna sababu: injini za Toyota aina ya 2AZ-FE za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kuachia kwenye bloku, kulanti ikatokea nyuma ya injini. Ila hapo nako gasketi mpya peke yake haisaidii, lazima nyuzi zitengenezwe upya. Yote haya yanajulikana kwa kupima na kuangalia, na kipimo cha presha hakigharimu hata robo ya nilichotozwa.

Nimerudi gereji ile na pampu ya zamani mkononi. Wameniambia kazi ya gasketi ilifanyika, kwa hiyo hela hairudi, na themostati yangu "imepotea." Risiti ninayo, imeandikwa "matengenezo ya injini" basi.

Naomba msaada wa kweli: kuna yeyote aliyewahi kudai hela ya kazi ya fundi isiyohitajika akalipwa? Ulianzia ofisi ya mtaa, Tume ya Ushindani au Mahakama ya Mwanzo? Na je, risiti isiyotaja kazi iliyofanyika walikubali kuipokea?