Mtaala wa sayansi ya dunia kwa watoto wa miaka 12–13 wanaosomea nyumbani: nianzie wapi?

MamaWawili

Wakuu, habari za leo. Naomba mwongozo kwa wanaoifahamu mada hii. Nasomesha nyumbani watoto wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 13, na tupo upande wa Gilgil, Kenya. Kuanzia Januari nataka tuchukue mwaka mzima wa sayansi ya dunia: miamba, volkeno, udongo, maji, hali ya hewa, na kidogo habari za jua na mwezi.

Nina programu moja ya Kimarekani ya wiki 36. Shida ni kwamba inafundisha misimu minne yenye theluji, inataka sanduku la mawe ya kununua ambayo hapa hayapatikani, na hali ya hewa imewekwa wiki za mwisho kabisa. Naomba kujua:

1. Mada zifuatane vipi?
2. Vifaa gani nitafute dukani na sokoni, na majaribio gani yanafanya kazi kweli?
3. Nitajuaje kama wameelewa, au wamekariri tu?

Muda tulio nao ni vipindi vitatu kwa wiki, dakika 50 kila kimoja.

---

Mwambatabaka

Dada, hiyo programu usiitupe, lakini ufuatano wake uvunje. Kanuni ni moja: kinachohitaji miezi kuonekana ndicho kinaanza, kinachoweza kusubiri kisubiri. Jiwe litakungoja mpaka Agosti, mvua ya masika haikungoji. Ukiacha hali ya hewa iwe ya mwisho, watoto watachora grafu za takwimu za watu wengine.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya Januari waanze daftari la vipimo, dakika tano kila asubuhi, nje ya vile vipindi vitatu. Mada kubwa zipange hivi:

Januari na Februari, wakati anga ni safi: jua, kivuli, mwezi, na kusoma ramani. Machi hadi Mei: mvua, mawingu, mto, mmomonyoko, udongo. Juni hadi Septemba: miamba, volkeno, tumbo la dunia, Bonde la Ufa. Oktoba na Novemba mvua za vuli zinarudi, nao wanalinganisha na masika kwa takwimu zao wenyewe.

Sasa miamba. Gilgil umekaa juu ya maabara. Jiwe jepesi lenye matundu linaloelea majini, lile la kusugulia miguu, ni povu la volkeno lililoganda. Mawe ya kujengea yanayokatwa kwa mashine, mengi yake ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana. Kioo cheusi cha volkeno kinapatikana pande za Naivasha, ila usiokote ndani ya hifadhi wala kwenye eneo la mambo ya kale, na watoto wasikivunje kwa nyundo bila miwani ya kufunika macho; kingo zake hukata kama wembe. Kwa miamba tabaka (ya mashapo yaliyoshikamana) tafuta vipande vya mawe ya Mazeras kwa wanaouza mawe ya kupambia kuta na njia. Ni mchanga wa kale ulioganda, na vipande vingine vina mikunjo iliyoachwa na maji. Kwa miamba geu (iliyobadilishwa na joto na mgandamizo) nenda kwa fundi wa marumaru uombe mabaki. Hapo uwe macho, kwa sababu kila jiwe la kung'aa huitwa marumaru. Dondoshea siki pembeni pasipopigwa polishi: marumaru halisi itatoa viputo, graniti haitafanya lolote.

Kupima ugumu: ukucha ni kama 2.5, waya wa shaba 3, kioo cha dirisha kama 5.5. Kosa la kawaida ni mtoto kusugua jiwe kwenye kioo, akaona mstari mweupe, akaandika "limekwaruza". Afute kwanza kwa kidole chenye maji. Mstari ukifutika, ulikuwa unga wa jiwe lenyewe, maana yake kioo ndicho kigumu. Ukibaki na ukucha ukakwama ndani yake, hapo kweli.

Jaribio moja ambalo nisingeliacha ni la fuwele, yaani chembe zenye nyuso bapa, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini jiwe moja lina chembe kubwa na jingine ni kioo kitupu. Watu wengi hulifanya kwa chumvi ya mezani, halafu wanashangaa hakuna kinachotokea. Chumvi huyeyuka karibu kiasi kilekile katika maji ya moto na ya baridi (kama gramu 36 kwa mililita 100 za maji baridi, 39 yakichemka), basi yakipoa haina sababu ya kutoka. Tumia shabu, ile ya vinyozi, jiwe angavu. Ile ya unga ya kusafishia maji mara nyingi ni kitu kingine, na itakupa uji mweupe tu.

Saga gramu 100 za shabu, yeyusha kwenye mililita 500 za maji ya moto (yasichemke, ila yawe ya kuunguza kidole) mpaka isionekane chembe. Chuja kwa kitambaa cheupe, gawa kwenye chupa mbili za glasi zilizopashwa joto kwanza, la sivyo zitapasuka. Moja itie kwenye ndoo ya maji baridi. Nyingine izungushie taulo nene, iweke kwenye kapu la kuhifadhia joto la chakula, na asiiguse mtu mpaka kesho. Ya ndooni itakuwa na chembe ndogo kama mchanga. Ya kwenye kapu itakuwa na chache, kubwa, zenye nyuso bapa zinazoakisi mwanga. Zote mbili zikitoka ndogo, chupa ilitikiswa au kulikuwa na punje ambazo hazikuyeyuka. Isipotoka kitu kabisa, dondosha punje moja ya shabu ndani na usubiri.

Halafu waulize: kama kupoa polepole huleta fuwele kubwa, kile kioo cheusi kilipoa vipi? Waandike pia tofauti: shabu ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji, magma ni mwamba wenyewe uliogeuka kimiminiko.

Tumbo la dunia lichoreni kwa kipimo, sentimita 1 iwe kilomita 500. Duara zima linakuwa na nusu kipenyo cha sm 12.7, kiini chote sm 7, kiini cha ndani sm 2.4. Ganda la bara, kilomita 35 hivi, halifiki hata milimita moja: ni huo mstari wa penseli uliochora duara. Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, unakuwa unene wa karatasi moja. Na waondoe kichwani picha ya koti la dunia (tabaka lililo kati ya ganda na kiini) kama bahari ya uji mwekundu. Koti ni mwamba mgumu unaotambaa polepole mno. Huyeyuka sehemu chache tu, na hapo ndipo volkeno zinapopata magma.

---

Saa3Asubuhi

Naunga mkono kuanza na vipimo. Niongeze jinsi ya kuvifanya visiwe takataka.

Kipimamvua cha chupa ya soda iliyokatwa, kinachoonyeshwa kila mahali, kina kasoro mbili: kitako cha chupa hakiko bapa, na ubavu wake umebonyea. Rula inasoma uongo. Fanya hivi badala yake: faneli ya plastiki yenye mdomo wa kipenyo cha sm 10, iingie kwenye chupa yenye shingo nyembamba, chupa izikwe nusu kwenye kopo la udongo isianguke. Maji yapime kwa sirinji ya mililita 20 bila sindano, kutoka duka la dawa. Mdomo wa sm 10 una eneo la sm² 78.5, kwa hiyo kila mililita 7.85 za maji ni milimita 1 ya mvua. Wakipata mililita 63, ni milimita 8. Na milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Hapo waachie hesabu ya paa la mabati na tangi, watajua lini tangi lingejaa.

Mahali: mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake. Mdomo uwe sawa kabisa, tumia pima maji ya fundi. Saa: saa tatu asubuhi kila siku. Siku isiyo na mvua waandike 0. Siku waliyosahau waweke kistari. Ukichanganya 0 na kusahau, wastani wa mwezi umeharibika na hakuna wa kuurekebisha.

Kipimajoto kikae kivulini, kimo cha mita 1.5, hewa ikipita. Kikipigiliwa kwenye ukuta wa mabati kitapima mabati.

Kivuli: fimbo ya mita 1 iliyosimama wima (tumia uzi wenye jiwe kuhakikisha). Usiwaambie kivuli kifupi ni saa sita kamili. Saa yetu imepangwa kwa longitudo 45 Mashariki, na Gilgil iko kama 36.3, hivyo jua hufika katikati ya anga karibu saa sita na nusu, na hubadilika kidogo mwaka mzima. Wapime kila dakika tano kuanzia saa sita na dakika kumi hadi saa saba, waione wenyewe. Karibu tarehe 21 Juni kivuli kifupi kitakuwa kama sm 44 kikielekea kusini. Tarehe 21 au 22 Desemba, kama sm 42 kikielekea kaskazini. Septemba kinakaribia kupotea. Vipimo hivyo vitatu vinatosha kuifuta ile sura ya majira manne na kuandika ya kwenu.

---

Bamvua

Mmesahau bahari, ingawa naelewa Gilgil ni mbali na chumvi.

Kwanza mwezi. Vitabu vya kaskazini huchora hilali imesimama kama mabano. Kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala kama mtumbwi. Mtoto akinakili kitabu badala ya anga utajua mara moja, na hicho ni kipimo kizuri cha uaminifu wa daftari. Wachore siku 30 mfululizo, saa ileile ya jioni, pamoja na upande uliko mwezi. Wiki ya tatu jioni hautakuwepo. Wasibuni, watoke asubuhi.

Kisha tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la Mombasa la mwezi huohuo, walipange kwenye grafu juu ya michoro yao. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo (au siku moja mbili baadaye) ni bamvua: maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Nusu mwezi ni maji mafu, tofauti ni karibu mita 1. Wataona pia kwamba maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, sawa na mwezi unavyochelewa kuchomoza. Hakuna haja ya kukanyaga mchanga kulielewa hilo.

Mkipata safari ya pwani, pangeni siku za bamvua. Maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Fort Jesus, iliyoanzwa 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe. Matumbawe huota chini ya maji tu. Waulize yamefikaje juu ya usawa wa bahari, na msiwape jibu siku hiyo.

---

MamaWawili

Asanteni sana, wakuu, nimeshaanza kuandika orodha. Maswali mawili. Kuna jiwe jeupe la Kariandusi, hapa jirani; mdogo anasema ni chokaa, na kweli nililipotia siki lilitoa viputo. Yuko sahihi? Na ule ufa wa Mai Mahiu uliozungumzwa sana 2018, niufundishe kama ushahidi wa Afrika kugawanyika?

---

Mwambatabaka

Nianze na ufa. Bonde la Ufa linapanuka kweli, milimita chache kwa mwaka. Lakini lile korongo la Machi 2018 lilifunguka baada ya mvua kubwa kusomba majivu laini ya volkeno. Ukilifundisha, lifundishe chini ya mmomonyoko, kisha waulize: kwa milimita 5 kwa mwaka, upana wa mita 10 ungehitaji miaka mingapi? Elfu mbili. Basi haliwezi kuwa la usiku mmoja kwa njia hiyo.

Jiwe jeupe la Kariandusi si chokaa. Ni mabaki ya viumbe vidogo sana vya majini vyenye maganda ya silika (kitu kilekile cha mchanga na kioo), vilivyotuama kwenye ziwa la kale. Silika haijali siki. Viputo ulivyoona ni hewa: jiwe hilo lina vitundu vingi, likiwa kavu hunyonya kimiminiko na kusukuma hewa nje. Rudieni hivi: litumbukizeni kwenye maji ya kawaida mpaka viputo viishe, kama dakika kumi hivi, kisha ndipo mtie siki. Pembeni weka ganda la yai, nalo liloweshwe vilevile. Ganda litaendelea kutoa viputo vidogo dakika nyingi, jiwe litanyamaza. Msilisage likawa unga. Vumbi lake si la kuvuta puani.

Hapo pia una jibu la swali lako la tatu, ambalo hatukuligusa. Mtihani wa mwisho wa muhula: mawe matano bila majina, maji, siki, waya wa shaba, kipande cha kioo kilichobandikwa tepu kingo zote, dakika 40. Kila jiwe aandike alichofanya, alichoona, na jina analodhani. Jina mpe alama 1, ushahidi alama 4. Na moja ya mawe hayo liwe lile jeupe, likiwa kavu.

---

Saa3Asubuhi

Na sirinji nunua mbili. Hukwama mpira baada ya miezi michache. Tone la mafuta ya kupikia hulainisha, lakini safisha kabla ya kupima, mafuta yasichanganyike na maji.