Ni mechi ipi ya hoki ya vyuo vikuu vya Marekani inayowauma hadi leo?

MwanaMiami aliuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa hoki ya barafuni, kila tunapokumbushana mechi za zamani za vyuo vikuu huwa tunaanza na mataji. Leo ninaomba tuanzie upande wa pili: ni mechi gani mliyofungwa ambayo bado mnaikumbuka hatua kwa hatua?

Yangu ni fainali ya Aprili 2009 jijini Washington, Miami ya Ohio dhidi ya Boston University. Chuo chetu kilikuwa kinacheza fainali ya taifa kwa mara ya kwanza, na tuliingia dakika za lala salama tukiongoza kwa mabao 3 kwa 1. Wapinzani walimtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji, lango lao likabaki tupu, nami nikawa nimekwisha kumkumbatia kaka yangu. Zikiwa zimebaki sekunde 59, Zach Cohen akafunga. Zikiwa zimebaki 17, Nick Bonino akasawazisha. Nilikuwa bado nimeinua skafu yangu nyekundu kwa mikono miwili, na kaka ndiye aliyenishusha mikono. Katika muda wa nyongeza Colby Cohen aliachia shuti, mchezaji wetu akajirusha kulizuia, kisahani, ambacho katika hoki ya barafuni ndicho mpira, kikamgonga, kikapaa juu ya kipa na kutua wavuni. Tukalala 4 kwa 3. Kijana yule alifanya jambo ambalo kila kocha hufundisha, kuweka mwili wake mbele ya shuti, na ndilo lililotumaliza. Hilo linaniuma kuliko matokeo yenyewe.

MzeeWaBoston alijibu:

Pole sana, mdogo wangu. Siku ile nilikuwamo ukumbini humohumo, upande wa walioshinda, na ninakuelewa kabisa, kwa sababu sisi wa Boston University tulikuwa tumekwisha kukinywa kikombe hicho.

Katika fainali ya 1991 mjini St. Paul tuliwatangulia Northern Michigan kwa mabao 3 bila majibu, wakatupita hadi 7 kwa 4, tukawafukuza na kusawazisha 7 kwa 7 katika dakika ya mwisho, kisha wakatufunga la nane katika kipindi cha tatu cha nyongeza. Kwa walio wageni wa mchezo huu, katika mashindano ya taifa mshindi haamuliwi kwa penalti. Huchezwa vipindi vya nyongeza vya dakika 20, kimoja baada ya kingine, na bao la kwanza humaliza mechi.

Hata hivyo, iliyonikaa moyoni ni ya Machi 2000 mjini Albany, dhidi ya St. Lawrence. Kipa wetu Rick DiPietro, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alipangua michomo 77. Ninaomba msome tena tarakimu hiyo, kwa sababu wapo makipa wanaomaliza mechi tatu bila kufikisha idadi hiyo. Kufikia kipindi cha nne cha nyongeza mke wangu alikuwa amelala begani mwangu, koti likiwa limemfunika hadi kidevuni, nami nilikuwa nikihesabu michomo kwa kukunja vidole hadi vidole vikanichanganya. Tukafungwa 3 kwa 2. Miezi michache baadaye New York Islanders walimchagua DiPietro wa kwanza kabisa kati ya vijana wote walioteuliwa mwaka ule na klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, lakini mimi ninapolisikia jina lake ninamwona yuko Albany, amepiga magoti barafuni.

MtuWaGrandForks alijibu:

Yetu haihitaji maelezo marefu. Ilikuwa nusu fainali ya Aprili 2014 mjini Philadelphia, North Dakota dhidi ya Minnesota, wapinzani wetu wa jadi ambao msimu ule ndio kwanza tulikuwa tumetengana nao katika ligi. Matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Minnesota walikuwa na mchezaji mmoja nje kwa adhabu, kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa wengi uwanjani na sisi ndio tuliotakiwa kufunga. Akaja Justin Holl, beki ambaye hakuwa amefunga bao hata moja msimu mzima, akafunga ikiwa imebaki sekunde 0.6. Sijaongeza chumvi, ni sita ya kumi ya sekunde moja. Niliitazama saa ya uwanjani nikidhani wameikosea.

BintiWaCrimson alijibu:

Nashukuru kwa mada hii, ila ninasikitika kwamba sote tunataja timu za wanaume peke yake. Mimi ni wa Harvard, na mechi yangu ni robo fainali ya wanawake ya Machi 2007 mjini Madison, tulipocheza na Wisconsin katika uwanja wao. Dakika 60 zilikwisha bila bao. Kipindi cha kwanza cha nyongeza kikapita, cha pili kikapita, cha tatu kikapita, na ubao wa matokeo bado ulikuwa unasoma 0 kwa 0. Katika cha nne Jinelle Zaugg akafunga, Wisconsin wakasonga mbele na hatimaye wakatwaa ubingwa wa taifa. Ninawaheshimu sana waliotushinda. Lakini mtu akiniambia kwamba mechi nzuri ni ile yenye mabao mengi, ninamtajia usiku ule, ambao bao moja tu lilipatikana na hakuna aliyethubutu kwenda kununua hata maji.

MkongweWaMaine alijibu:

Ninakubaliana nanyi kwa sehemu tu. Sisi wa Maine tulipata jeraha letu katika fainali ya 2002, St. Paul vilevile. Kocha wetu Shawn Walsh alikuwa amefariki kwa saratani Septemba 2001, msimu ukiwa haujaanza, na vijana wakafika fainali bila yeye. Tulikuwa mbele 3 kwa 2 hadi ilipobaki chini ya dakika moja, ndipo Matt Koalska wa Minnesota aliposawazisha, na Grant Potulny akatumaliza katika muda wa nyongeza. Nililia, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu sikuwa nikililia kombe peke yake.

Lakini siwezi kuitaja 2002 nikaiacha 1993. Fainali ile, mjini Milwaukee, tuliingia kipindi cha tatu, cha mwisho katika muda wa kawaida, tukiwa nyuma 4 kwa 2 dhidi ya Lake Superior State, katika msimu ambao tulikuwa tumepoteza mechi moja tu. Jim Montgomery akafunga mabao matatu katika kipindi hicho kimoja, na yote matatu pasi ilitoka kwa Paul Kariya. Tukashinda 5 kwa 4, na huo ukawa ubingwa wetu wa kwanza. Kwangu mimi mechi hizi mbili ni za kocha mmoja, ya kwanza akiwa benchini na ya pili akiwa hayupo, na sijui kuzisimulia mbalimbali.

MwanaMiami aliandika tena:

Nimewasoma wote kwa makini. Dada wa Crimson, nimekubali kosa langu, na ninakwenda kuitafuta mechi hiyo ya 2007. Mzee wa Boston, kwa kuwa ulikuwamo ukumbini siku ile, ninaomba nikuulize jambo ambalo nimelibeba miaka yote hii: kwa ulivyoliona wewe, je, shuti la Cohen lingeingia hata kama lisingemgonga kijana wetu?

MzeeWaBoston alijibu:

Mdogo wangu, sikuliona. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiomba Mungu, na nilijua tumeshinda kwa kusikia kelele za watu.