Ufunguo wa dict (jedwali la ufunguo na thamani yake) kwenye Python: NamedTuple, dataclass au __hash__ ya kujiandikia?

Mpanga_Kete: Wakuu, kuna kashe (hifadhi ya muda ya majibu) ya nauli inatakiwa iende hewani Ijumaa. Ufunguo una kituo cha kupandia, cha kushukia na vituo vya njiani. Nichukue NamedTuple (tuple, yaani safu isiyobadilika, ila sehemu zina majina), dataclass(frozen=True) (klasi inayoandikiwa mbinu zake na Python, sehemu hazibadilishwi), au klasi ya kawaida yenye __eq__ (kulinganisha usawa) na __hash__ (kutoa heshi, namba ya kutafutia ufunguo) za kujiandikia?

Jongoo64: Mkuu, umeacha yaliyo muhimu. Toleo gani la Python? Kashe inaishi ndani ya mchakato (programu inayoendeshwa) mmoja au inaandikwa kwenye diski? Bila hayo tunapiga ramli.

Bi_Mkeka: Frozen dataclass, maliza kazi. __eq__ na __hash__ zinatokana na sehemu zilezile, haziwezi kupishana. Ukisahau frozen=True, __hash__ inawekwa None na utakula "TypeError: unhashable type", yaani haifai kuwa ufunguo. Ukiandika __eq__ peke yake kwenye klasi ya kawaida, yaleyale. Sehemu usiyotaka ihesabiwe ipe field(compare=False).

Kisu_Butu: NamedTuple huumbwa haraka zaidi. Frozen hupitisha kila sehemu kwenye object.__setattr__.

Bi_Mkeka: Haraka ya wapi hiyo, wakati NamedTuple mbili, Nauli("Morogoro","Dodoma") == Tiketi("Morogoro","Dodoma") inatoa True kwa sababu zote ni tuple? Zikikutana kwenye dict moja, ya pili inafuta thamani ya kwanza kimyakimya.

Mpanga_Kete: Python 3.11, michakato minne. Faili la kashe linachaguliwa kwa hash(ufunguo) % 16 (baki ya heshi ukigawa kwa 16). Vituo vya njiani ni list (orodha inayobadilika).

Jongoo64: Ugonjwa uko hapo, wala si kwenye klasi. Tangu 3.3, hash() ya str (maandishi) inachanganywa na mbegu ya nasibu kila Python inapowashwa, ili mtu asirundike migongano (funguo tofauti zenye heshi moja) makusudi. Mchakato mmoja unaandika faili la 3, mwingine unatafuta la 11, haupati, unarudi hifadhidata. Logi safi kabisa, hakuna kosa. Utaona tu hifadhidata inaelemewa na mafaili yanajaa nakala. Michakato ikizaliwa kwa fork (mchakato kujinakili) kutoka mzazi mmoja inarithi mbegu moja, kwa hiyo kila kitu kinaenda sawa hadi seva iwashwe upya, hapo karibu kashe yote inakuwa takataka. Na ukijaribia kwa namba kamili hutagundua, maana hizo hazina nasibu. Tumia hashlib.blake2b (heshi isiyo na mbegu ya nasibu) yenye digest_size=8, kisha int.from_bytes(..., "big") % 16. Tenganisha sehemu kwa alama isiyoweza kutokea ndani yake, la sivyo "ab"+"c" na "a"+"bc" ni kitu kimoja.

Kisu_Butu: PYTHONHASHSEED=0 (mpangilio wa kuzima nasibu hiyo) inatosha, mbona mnazunguka.

Jongoo64: Unazima kinga, halafu ukipanda toleo inaweza kuvunjika tena. Hiyo 3.11 yenyewe ilibadilisha kanuni ya heshi ya str.

Bi_Mkeka: Na list iwe tuple. Frozen haigandishi kilicho ndani: kitu kinaumbwa vizuri, kinakuja kulipuka siku kinatumika kama ufunguo.

Mtoro_wa_C: Kwa nini hash(-1) inatoa -2?

Jongoo64: CPython (Python ya kawaida) imetenga -1 kuashiria kosa. Haidhuru, heshi zikilingana dict inakagua ==.

Kisu_Butu: Ndiyo maana napenda Java, hashCode (heshi) ya String haibadiliki popote.

Mtoro_wa_C: "Aa" na "BB" zote zinatoa 2112 huko, hongera.

Mpanga_Kete: Sasa NamedTuple au frozen?

Kisu_Butu: NamedTuple.

Bi_Mkeka: Frozen.