Mrejesho: sauti kutofika nyuma ya darasa

Wakuu, niliuliza kwa nini wanafunzi 90 kwenye darasa la bati lisilo na dari, huku Ilemela, Mwanza, hawasikii mwalimu, na koo linakauka kabla ya kipindi cha tatu. Asanteni, ushauri umefanya kazi.

Kilichosaidia zaidi ni simu. Iweke dawati la mwisho, rekodi dakika 10, kisha sikiliza miisho ya sentensi tu. Kwenye "mmea hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua", hilo "wa jua" halikusikika kabisa: pumzi ilishaisha. Dawa si kupayuka. Kata sentensi iwe fupi, vuta pumzi tumbo lijae (mabega yasipande), na neno la mwisho lipewe nguvu ileile ya la kwanza.

Kuongea na ubao ndilo kosa la pili. Andika kimya, geuka, ndipo useme. Zile "sawa? tumeelewana?" zipungue; ukiuliza swali, hesabu hadi tano kimoyomoyo, mikono itaanza kunyooka.

Mvua ya ziwani ikipiga bati, usishindane nayo. Wape zoezi. Maji ni funda dogo dogo kila mara, na kunong'ona hakupumzishi koo.